Magari Kumi na Moja Ng'ambo ya Korongo

Kazi yangu ni kupanga magari. Mwaka wa kumi na tatu sasa niko kwenye ofisi moja ya utalii hapa Sakina, na siku zangu zote zinafanana: gari hili liende Tarangire na wageni wanne, lile likawapokee wazee wawili uwanja wa ndege, dereva huyu alale Karatu, yule arudi mjini. Mimi mwenyewe siendi popote. Nakalia kiti chenye gurudumu moja bovu. Mbele yangu kuna ubao mweupe, kushoto simu mbili, kulia redio ya mawasiliano yenye waya uliojisokota. Mbugani nimefika mara tatu tu na mara zote nilisinzia garini. Lakini niulize gari la saba liko wapi saa hii, nitakuambia mpaka tairi lenye kiraka.

Masika ofisi yetu inalala. Wageni hawaji, magari yanapangwa yadini na kufunikwa maturubai, madereva wanarudi makwao kupanda mahindi na maharage. Masika ninayoisimulia, mvua ilipiga mlimani siku nne bila kupumzika. Maji ya Meru hayakai Meru. Yanateremka kwenye makorongo hadi bondeni, na bondeni ndiko Nduruma. Jumatatu tukasikia nyumba zimebebwa. Jumanne akina mama wa usharika wetu wakaanza kukusanya unga, maharage, mafuta ya kula, mablanketi, vyandarua na madumu ya maji safi. Hadi jioni ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa, kwaya ikakosa pa kufanyia mazoezi.

Watu walileta kwa moyo mmoja, ila hakuna aliyekuwa amefikiria vitu vile vitafikaje. Lori la kwanza lilikwama kabla halijafika nusu ya njia, maana barabara ya kushuka bondeni ilikuwa imegeuka uji. Wanaume walisimama pale wakikuna vichwa, mmoja anasema tusubiri ikauke, mwingine anasema tuandike barua. Barua! Damu ikanichemka. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, bila mtu kuniuliza: "Magari ninayo mimi."

Sikuwa na hata baiskeli. Magari yalikuwa ya bosi wangu, naye hakuwepo pale kunikana. Nilimpigia simu, nikamweleza kwa pumzi moja. Akasema, "Chukua. Matangi yamejaa. Ila yarudi mazima." Nikaruka. Kwa kweli niliruka, na kitenge kikafunguka, katikati ya uwanja wa kanisa.

Halafu nikaanza kuwapigia madereva. Watu hawa nawafahamu. Ukiwaambia kuna kazi, kabla ya kukubali watauliza wageni wangapi, siku ngapi, kambi gani, na kama ni wale wa kutazama ndege wataugua ghafla. Siku ile hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alikuwa shambani, nikasikia jembe likitupwa chini. Mwingine alisema, "Madamu, nipe dakika ninawe mikono," na kabla sijamaliza kumpigia wa baada yake alikuwa getini, mikono haijanawa. Nikapata saba wa kwetu, na wanne wa yadi ya jirani ambao bosi wao alisema kama wetu anatoa, yeye ni nani akatae. Magari kumi na moja. Nikalala na tabasamu usoni kama bibi harusi.

Jumatano asubuhi tulikuwa tunapakia, wanaume wanarushiana viroba, akina mama wanatoa amri ambazo hakuna anayezifuata, simu yangu ikaita. Namba ngeni. Alikuwa mwanamke, akajitambulisha kuwa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya korongo kubwa, na namba yangu amepewa na mwinjilisti wa kule. Aliongea mbio kwa sababu chaji ilikuwa inamwishia. Shuleni kwake kulikuwa na watu zaidi ya mia moja na hamsini, wanafunzi, wazazi wao na wazee, wote wamelala madarasani tangu juzi. Kisima kilikuwa kimeingiwa na maji machafu.

"Watoto watatu wameanza kuharisha," alisema. "Njaa tutaivumilia, mwenzangu. Maji hapana. Leo asubuhi korongo limepungua, gari lililoinuka linapita. Mvua ikinyesha tena huko kwenu mlimani, ndiyo basi tena."

"Mdogo wangu," nikamwambia, maana sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana, "kabla ya saa nane mchana maji yako yatakuwa hapo. Nakuahidi."

"Saa nane," akarudia polepole, kama mtu anayeandika. Simu ikakatika, na nilipompigia haikupatikana tena.

Nikaenda kwenye ubao. Upande huu wa korongo kulikuwa na shule nyingine, tuliyoiita shule ya juu, nayo ilikuwa na watu wengi zaidi waliokosa chakula. Huko nikapanga magari sita ya unga, maharage na mablanketi. Magari matano yangebeba madumu ya maji na dawa za kutibu maji, yavuke korongo mpaka kwa mwalimu wangu. Nilipiga hesabu ya mzigo mara mbili. Matano yalitosha kabisa, hata nafasi ilibaki.

Yale sita nikamkabidhi dereva mmoja wa hapa hapa Sakina, mcheshi, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu nimfahamu. Yale matano nikampa mzee wetu, Mmeru mwenye maneno machache, aliyeanza kuendesha watalii wakati baadhi ya wenzake wananyonya. Nikawapanga mstari na kuwasomea ubao kwa sauti. Wote wakaitikia "Sawa, madamu" kwa pamoja, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

Saa nne kamili wakatoka. Nimeona magari hayo yakitoka getini mara elfu, lakini siku hiyo moyo ulinienda mbio kama vile mimi ndiye ninayesafiri. Magari makubwa ya rangi ya udongo, yamezoea kubeba Wazungu wenye kofia, sasa yamebeba viroba hadi kwenye paa, taa zimewashwa mchana, honi zinalia. Mafundi wa gereji za barabarani waliacha kazi wakasimama na spana mikononi. Mabasi ya Nairobi yakasubiri yapite. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akasahau kuomba, akaja kukumbuka gari la mwisho limeshakata kona, akaomba hivyo hivyo kwa mkono ulionyooshwa barabarani.

Nikarudi ofisini, nikakalia kiti changu, nikawasha redio. Yote yaliyofuata siku ile niliyafuata kwa masikio.

"Besi, besi, unanipata?" Hiyo besi, yaani ofisi, ni mimi.

"Nakupata, endelea."

"Tumevuka Themi. Mto uko usawa wa daraja, lakini barabara iko wazi."

Baadaye wakaacha lami ya barabara ya Moshi na kuanza kushuka. Sasa ikawa ni kukwama na kusukumana. Gari la tatu limezama, la nne linalivuta, la tano linawacheka, halafu la tano nalo limezama. Mimi nasimama, nakaa, nasimama. Askari wetu wa getini alichungulia dirishani mara mbili kuona nagombana na nani.

Saa sita na robo mama yangu akapiga simu. Mama anaishi juu, kwenye mteremko wa mlima, katikati ya migomba. Alitaka kunilalamikia kwamba jua la asubuhi lilimdanganya, ameanika maharage ya mbegu uani na mvua imemkuta yuko kwa jirani.

"Mvua ya namna gani, mama?"

"Ya kuvunja migomba," akasema. "Sioni hata zizi."

Nikatoka nje kutazama. Mlima haukuwepo. Palipokuwa na mlima palikuwa na giza la rangi ya masizi, na sisi hapa Sakina tulikuwa bado tuna jua. Watu wa huku tunajua hesabu hii tangu utotoni, kwamba mvua inayonyesha kwa mama yangu inachukua kama saa tatu kufika bondeni. Maana yake saa tisa na robo korongo litajaa. Mwalimu nimemwahidi saa nane. Tuna nafasi, nikajiambia, tuna nafasi ya kuvuka, kushusha na kurudi, ilimradi mtu asilete upuuzi.

Nikarudi mbio kwenye redio ili nimweleze mzee. Kabla sijabonyeza, ikaingia sauti ya yule mcheshi, imepanda juu kabisa.

"Machalii, mpo? Njooni huku shule ya juu, aisee! Watu wamejaa uwanja mzima, yeyo, mama zetu, wanaimba, watoto wanacheza! Njooni muone!"

Hapa lazima nieleze tabia ya watu hawa. Dereva wa utalii akimwona chui mbugani hamfichi. Anashika redio, anawaambia wenzake kwa Kiswahili ili wageni wasielewe, na ndani ya dakika chache magari yote yaliyo karibu yameshageuza na kuja. Wenyewe wanaita kupeana. Akitokea mmoja mwenye choyo, akaona simba na kunyamaza, msimu ule wote hakuna atakayemwambia kitu, wageni wake watarudi kwao na picha za pundamilia. Ni adabu nzuri, mimi mwenyewe imenipatia wageni wengi wenye furaha. Ila mkono unaofanya jambo hilo miaka ishirini unazoea. Redio ikisema njooni, usukani unageuka. Nilikuwa nimewapanga kwa mzigo, kwa mafuta, kwa matairi, na sikukumbuka hata kidogo kuwapanga kwa tabia zao.

Kwa kama dakika arobaini nilimwita mzee, sauti yangu ikifunikwa na za wenzake, mpaka akaita mwenyewe. "Besi, tumefika wote salama."

"Wote nani?"

"Wote. Kumi na moja."

"Hata wewe, mzee?"

"Hata mimi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kipande cha nyama ya wageni mdomoni.

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Yale matano yalikuwa yamekaribia korongo, yakageuza, yakarudi nyuma kwenda kutazama akina mama wanaoimba. Na, kama nilivyosimuliwa baadaye, walikuwa wameegesha jinsi wanavyomzunguka simba, nusu duara, pua zote ndani, gari moja limeziba jingine, madirisha yote yanatazama mbele. Watu wa shule ya juu, wenye njaa ya siku mbili, hawakujua lipi ni gari lao na lipi si lao. Walikuwa wanashusha kila kitu. Nilisikia madumu yakigonga ardhi. Yale yalikuwa maji ya mwalimu wangu.

Nikabonyeza redio nikaanza kupiga kelele. Hakuna aliyenisikia. Redio hizi mmoja akibonyeza kuongea, wengine hawasikiki, na madereva kumi na mmoja walikuwa wanabonyeza kwa zamu, huyu anamwelekeza yule wapi pa kuweka mablanketi, yule anamwambia huyu amwone bibi anavyoruka. Nikitafuta upenyo napata neno moja, linamezwa. "Korongo—" Limemezwa. "Mzee—" Limemezwa. Nikatukana. Sitaandika nilichosema kwa sababu mchungaji wetu anasoma, lakini askari aliondoka dirishani.

Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimwona yule mwalimu, ambaye sikuwahi kumwona, amesimama mlangoni mwa darasa anatazama barabara na saa. Nilikuwa nimempa neno langu kirahisi tu, huku napanga viroba. Saa saba na robo. Saa saba na dakika kumi na nane.

Ikatokea pengo, pumzi moja tu, hakuna aliyebonyeza. Nikashika kipaza sauti. Sikupiga kelele tena. Niliongea kwa ile sauti yao wenyewe, ya chini, ya haraka, ninayoisikia kila siku ya msimu.

"Chui. Ng'ambo ya korongo. Yuko juu ya mgunga, ana watoto wawili."

Halafu nikasikia injini. Moja, tatu, sita, zote. Nikasikia milango ikibamizwa, mtu akifokea mwenzake aondoe gari lake njiani, watu wakipiga kelele za mshangao. Nduruma haijawahi kuwa na chui tangu babu yangu azaliwe, na kila mmoja wao alijua hivyo. Lakini mikono yao ilikuwa imeshaondoka kabla vichwa havijajiunga.

Baada ya kama nusu kilomita mzee akabonyeza. Nilimsikia anapumua, kisha akaanza kucheka, mtu ambaye sijamsikia akicheka miaka yote hiyo.

"Besi. Huyo chui wako anataka nini?"

"Anataka maji ya kunywa, mzee. Tangu juzi. Na mvua iko kwa mama yangu tangu saa sita. Madumu mmebaki nayo?"

"Zaidi ya nusu. Yaliyoshuka tumewaachia wa shule ya juu."

"Basi yale matano yaendelee, sita yarudi."

"Besi, njia ni nyembamba, tope pande zote. Hakuna pa kugeuzia. Twende wote, tugeuzie ng'ambo."

Nikakubali. Ningefanya nini? Nikakaa kwenye ncha ya kiti nikiwasikiliza wanavyovuka. Mzee alivuka wa kwanza, akasimama upande wa pili, akawa anawavusha wenzake kwa redio, mmoja mmoja, kwa utulivu kana kwamba anawaegeshea sokoni. Kulia kidogo. Usiachie mafuta. Njoo, njoo, usiangalie maji, niangalie mimi. Wa pili kapita. Wa tatu kapita. Wa sita alizima katikati na nikauma kidole, kisha akawaka. Yule mcheshi alivuka wa kumi na moja, akiwa kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano. Nilikuwa nimechelewa dakika tano, na sijawahi kuchelewa kwa raha kama ile.

"Besi," akasema mzee, "maji yamefika. Mwalimu yuko hapa. Anasema asante, na anauliza kama wewe ndiye mwenye saa inayochelewa."

Nikacheza. Peke yangu, mle ofisini, nilizunguka na kile kiti kibovu nikakibusu. Nikafungua dirisha nikampigia askari kelele kwamba wamevuka, naye akapiga saluti bila kujua nani kavuka nini. Mwili mzima ulikuwa unaniwasha kwa furaha. Kisha nikashika redio nikawaambia washushe haraka wageuze, wawe upande huu kabla ya saa tisa.

Hawakupata hiyo saa tisa. Nilikuwa nimehesabu saa tatu tangu mvua imfikie mama yangu, na sikufikiria kwamba juu ya nyumba ya mama kuna mlima mzima, na huko ilikuwa imeanza kabla ya kumfikia yeye. Saa nane na dakika thelathini na tano mzee akaita.

"Besi, korongo limejaa. Hatupiti."

"Basi kaeni hapo hapo shuleni. Mko salama."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo niliodhani ni injini. "Yameacha njia yake," akasema. "Yamepasua kingo huko juu. Yanakuja huku shuleni." Kisha hakusema tena.

Niliita. Niliita kwa dakika arobaini na tano. Besi anaita, mnanipata, mzee unanipata, yeyote. Redio ikanirudishia mchakacho tu. Jua lilikuwa limeondoka hata hapa Sakina, na matone makubwa yakaanza kugonga bati. Mke wa dereva mmoja akapiga kuuliza mumewe atarudi kula saa ngapi, nikamjibu kwa sauti nyororo nisiyoijua kwamba yuko kazini. Nilipokata simu nikaweka kichwa mezani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ubao wangu ulisema matano. Mimi kwa uongo wangu nimewapeleka kumi na mmoja, watu wenye wake na watoto, nimewafungia upande ambao maji yanakwenda. Nilitaka kumwomba Mungu na nilichoweza kusema ni namba za magari, moja baada ya nyingine.

Halafu redio ikatoa mlio.

"Hodi," ikasema sauti nyembamba ya mwanamke. "Hodi humo ndani."

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu, ongea!"

Hakujua kuachia kitufe, kwa hiyo hakunisikia, akaendelea kuongea mwenyewe huku nikisikia watu, mvua, na mtoto akilia karibu kabisa. "Sijui kama unanisikia. Mzee amesema nibonyeze hapa. Tuko juu ya mwinuko, penye tangi la maji la shamba. Tumo wote. Nimeita majina mara mbili, wakubwa kwa wadogo, wote wameitika. Madereva wako wapo, wanawafunika wazee maturubai, ndiyo maana wameniachia mimi chombo hiki." Kitufe bado kilikuwa kimebonyezwa. "Basi ni hayo tu, dada. Sijui nafunga vipi."

Nililia mpaka kipaza sauti kikalowa. Baadaye mzee alinisimulia kwa maneno yake machache. Waliinua mapaa ya magari, yale ya watalii kusimama na kutazama wanyama, watoto wakapangwa wamesimama, wazee wakakaa kwenye viti, akina mama na vichanga juu ya mizigo. Waliondoka magari kumi na moja kwa mkupuo mmoja, maji yakiwa usawa wa ngazi ya mlango, na hakuna lililoweza kurudi nyuma kwa safari ya pili.

Walikaa kule siku tatu. Walikula unga waliouleta wenyewe, wakapikiwa ugali na watu waliokwenda kuwasaidia, na yule mcheshi akafundisha darasa zima namna ya kumwita fisi. Wake zao walinipigia asubuhi na jioni, na bosi alinipigia kuuliza juu ya yale "mazima" yake. Nilimwambia yako salama, yana harufu kidogo.

Siku ya nne korongo liliposhuka nilipanda gari la jirani nikaenda mwenyewe. Nilitaka kuwaona. Mwalimu mkuu alikuwa amerudi shuleni kwake na ndoo na ufagio, amevaa buti za mvua, na kichwa chake chote kilikuwa na mvi. Mwanamke wa rika la mama yangu mdogo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, dada yangu mkubwa," akajibu, na akanicheka mpaka akashika ukuta. Akanikumbatia na tope lake lote.

Akaniingiza kwenye darasa la kwanza. Madawati yalikuwa yamerundikana kona moja. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope ulionyooka vizuri, chini kidogo ya mahali ubao wa chaki unapoanzia. Akaweka kiganja chake chini ya mstari ule, kama upana wa mikono miwili. "Hawa wadogo wakisimama wanaishia hapa," akasema. Akaacha mkono wake pale muda mrefu.

"Mzee wako ameniambia ulipanga yaje magari matano."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa ajili ya maji yalitosha."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anatazama dawati moja lililopinduka.

"Mimi ni mwalimu, nina tabia ya kupanga watoto," akasema. "Siku hizi tatu kila nikikaa najikuta nawapanga kwenye hayo matano. Naanza na wadogo, nawabana, nawapakata, naweka wazee katikati. Kila nikipanga, dada, nikifika darasa la tatu magari yamejaa."